Maji Niliyowanyima Watani

Mwanangu Kalunde,

Mimi baba yako nina miaka sabini na tisa. Nimemzika mama yako. Nimewazika kaka zako watatu. Nimemzika hata yule daktari aliyeniambia nisipoacha tumbaku sitafika sitini, na yeye hakuvuta maisha yake yote. Nimezishinda baiskeli nne, vyama viwili vya ushirika na njaa moja tuliyokula mizizi. Nyuki wameniuma mpaka wakachoka wao. Hapa Tabora, Kanyenye nzima hakuna mzee mwingine wa kusema haya akiwa amesimama bila fimbo. Nayataja mwanzoni kwa sababu kuanzia mstari unaofuata sina cha kujisifia.

Vyeti vyako havijapotea. Nilivichukua mimi.

Viko chini ya barua hii, kwenye bahasha yake ile ile ya kaki: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita na cha chuo. Ukitaka kuvichukua na kuiacha barua mezani bila kuisoma, haki hiyo unayo. Mimi niko chumbani na sitatoka mpaka uniite, na usiponiita sitatoka.

Vinanuka nta kidogo. Vililala siku mbili ndani ya mzinga mtupu, ule ulio nyuma ya choo, ambao nyuki wameukataa tangu mwaka jana. Ulivitafuta juzi, ukavitafuta jana, ukapekua godoro langu na mimi nimelikalia. Leo asubuhi umekwenda polisi kuandikisha kwamba vimepotea, maana kesho treni inaondoka na huko Lindi hawampokei mwalimu asiye na vyeti halisi. Nilikusindikiza mpaka barabarani. Nikakuambia, "Mungu atasaidia, mama." Ukaniitikia, "Amina, baba." Ukapanda bajaji. Mdomo ulikuwa wangu, ningeweza kuufungua. Ulikataa. Sasa nauomba mkono ufanye kazi ya mdomo, na unajua mkono wangu ulivyo, herufi kubwa kama mihogo, nimeanza saa sita na sasa jua linaelekea magharibi na bado niko hapa.

Sitakupa wosia wa safari, uchemshe maji au ufunge mlango. Una miaka thelathini na moja. Ninachotaka ujue ni kwa nini mtu mzima anaiba karatasi za mwanawe, na ili ujue hilo lazima nirudi kwenye yale maji.

Unaikumbuka siku yenyewe kuliko mimi. Lakini nataka uione nilivyoiona mimi, maana sijawahi kukuambia.

Yona alileta wazee wake kukuposa miaka mitatu iliyopita, mwezi wa kumi, kabla ya mvua, wakati visima vya mtaa vinatoa tope. Wagogo wanne, wametoka Dodoma kwa treni, hawakulala. Mbele alitangulia Mzee Chibago, ndugu wa baba yake, aliyemlea. Mshenga wetu alikuwa Mzee Maganga, fundi baiskeli wa hapo mbele. Nilivaa koti. Niliwaona wanakuja na kofia zao mkononi, nikafurahi, naapa nilifurahi, maana Mgogo ni mtani wangu tangu babu.

Babu yangu alikuwa kirongozi, mtu wa kutangulia msafara na bendera, wabeba mizigo mia nyuma yake, kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani na kurudi. Hakuna aliyeijua njia ile kama yeye. Na katikati ya njia ni Ugogo, nchi kavu, na kisima kina mwenyewe. Babu alilipa hongo ya nguo, ushuru wa kupita, ndipo watu wake wanywe. Walitukanana pale kisimani, wakacheka, wakanywa, na utani ukazaliwa hapo. Ndiyo maana hata alipofariki mama yako, yule Mgogo mstaafu wa reli alilala kifudifudi mlangoni akasema jeneza halitoki mpaka apewe jogoo, kwamba marehemu aliondoka na sufuria lake. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Alipopewa jogoo aliinuka, na ni yeye aliyeingiza bega la kwanza chini ya jeneza. Mtani ndivyo alivyo. Anazuia ili atoe. Mimi nilikuwa najua hivyo. Usije ukadhani sikujua.

Basi wakapiga hodi. Nikawaambia, "Karibuni Wagogo. Mmeleta ng'ombe au mmeleta kiu tu?"

Mzee Chibago akasema, "Tumeleta kiu, Mnyamwezi. Mizigo tumekuachia wewe, ndiyo fani yenu."

Maganga alicheka mpaka akashika ukuta. Nikasema, "Maji yapo. Lakini babu yangu alilipa doti mbili kwa babu yako kwa kata moja ya maji. Leo mko kwenye kisima changu. Hongo kwanza."

"Tukinywa tutapata nguvu ya kulipa, mtani."

"Mkinywa mtapata nguvu ya kukimbia."

Mpaka hapo ilikuwa safi. Hata wewe uliyekuwa jikoni ulicheka, nilikusikia. Ukaja na jagi na bilauri kwenye sinia, na kanga ile ya zambarau, na Yona akakutazama. Hakukutazama vibaya. Alikutazama kama mtu anayetazama nyumba yake. Na wewe ukainama kuweka sinia, ukatabasamu kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, na nikajua kwamba hapa kwangu ulishaondoka, umebaki mwili tu.

Nikasema, "Rudisha."

Ukadhani ni utani. Wote walidhani. Ukarudisha. Tukaendelea na maneno, nyuki, mvua, barua ya posa ikasomwa na Maganga, na kila mmoja akiomba maji mimi najibu hongo. Saa tano. Saa sita. Kicheko kilipungua, kikawa cha Maganga peke yake, kisha na yeye akaacha. Midomo ya Mzee Chibago ilikuwa imekauka mpaka neno likitoka linasikika linavyobanduka. Ndipo Yona akapiga goti. "Baba, mzee ana sukari. Naomba maji yake tu. Mimi nitasubiri."

Ukatoka na jagi mara ya pili bila kutumwa. Nikalichukua mkononi mwako. Nikatoka nalo mlangoni nikalimimina lote chini, polepole, wakiona, na nikasema, "Ardhi imelipa hongo yake. Ninyi bado."

Hakuna aliyecheka. Mzee Chibago aliinuka kwa shida, akavaa kofia, akasema, "Asante, mtani." Wakavuka barabara, wakaenda kunywa kwa Maganga, mtaa mzima unatazama. Mzee alilazwa hospitali ya Kitete siku mbili. Yona alikuandikia mara mbili tatu, halafu akaacha, na mwaka uliofuata akaoa kwao.

Mimi nikasema ilikuwa utani. Niliwaambia wazee wa kanisa walioniita: ilikuwa utani, Wagogo wa siku hizi hawajui utani. Nilimwambia Maganga. Nilikuambia wewe mara ngapi? Na wewe hukubishana hata mara moja. Ulisema tu, siku ile ile jioni, ukiwa unaosha bilauri ambazo hazikunywewa, "Maneno yalikuwa ya utani, baba." Ukaishia hapo. Nilifurahi nikadhani umeniunga mkono. Imenichukua miaka mitatu kusikia kwamba sentensi yako ilikuwa na nusu ya pili ambayo hukuitamka.

Sasa nikuambie kuhusu pazia.

Tangu uanze kuwafundisha Kiingereza wanafunzi wa mtaa pale barazani, ukisubiri ajira, mimi nimekuwa nyuma ya pazia la dirisha, kwenye kigoda. Nilikuambia nasuka kamba za mizinga. Kamba gani za miaka mitatu? Nilikuwa nasoma. Usicheke. Kwa Kiingereza naweza kuwapita baadhi ya wanafunzi wako. Najua kwamba mtu akiwa mmoja, siyo mimi wala wewe, yule wa pembeni, tendo lake linavishwa ile sauti ya nyoka mkiani. Hi gozi. Shi gozi. Wakiwa wengi linavuliwa. Zei go. Watoto wanakosea kwa sababu wamezoea kuiona alama hiyo kwenye vitu vingi, basi wanaipeleka kwa watu wengi. Wewe ukawaambia, "Nyumbani mnasema mtoto analia, watoto wanalia. Nani aliwafundisha? Hakuna. Kiswahili kinampatanisha mtendaji na tendo mbele kabisa, hamuwezi kukosa kusikia. Kiingereza kinapatanisha nyuma, kwa herufi moja, kama mchoyo. Kwa hiyo sikilizeni mkiani."

Yule Zainabu, binti wa dereva wa bajaji, akasema, "Kwa hiyo mwalimu, Mzungu akiwa peke yake ndiyo anavaa tai?"

"Ndiyo. Wakijaa wanavua, kuna joto."

Walicheka, na tangu siku hiyo sikumsikia hata mmoja akikosea. Nilijipiga paja huku nyuma. Nilisema, huyo ni wangu.

Na sikukuambia. Hilo nalo niliweke hapa. Miaka mitatu nimekuwa mwanafunzi wako na sijakuambia kwamba unajua kazi yako. Kwenye kilabu nimewaambia wote. Wewe sikukuambia.

Naomba nikupe kitu kimoja tu cha kazi hiyo, kwa kuwa mimi nimekaa upande wa wasiojua muda mrefu. Nilipoanza kisomo cha watu wazima tulikwenda wote wawili, mimi na mama yako. Mwalimu alikuwa msichana mdogo, hakuwa mbaya. Siku moja nikasoma neno vibaya, akanisahihisha palepale, na mama yako akatabasamu. Basi. Niliacha. Nilisema nina mizinga ya kutundika. Mama yako aliendelea, akawa anasoma kuliko mimi, na usiku alinifundisha kwa mkaa kwenye mfuniko wa sufuria, tena akigeuza uso asione ninapokosea. Sijawahi kumshukuru. Niliwaambia watu nimejifunza mwenyewe. Mtoto akikosea mbele ya yule anayetaka kumpendeza, Kalunde, subiri. Ngoja yule mwingine atazame pembeni. Ningekuwa nimesoma mapema miaka kumi.

Jana lilikuwa somo lako la mwisho hapa. Ulikuwa umelia asubuhi kwa ajili ya vyeti, macho yamevimba, nikajua utawaambia warudi makwao. Hukuwaambia. Ulisimama ukasema leo tunafanya toni kwenye hadithi. Ukasema toni siyo kile anachosema mtu, ni vile moyo wake ulivyokaa wakati anakisema, na mwandishi mzuri haandiki "alikasirika" wala "alihuzunika", anakuachia alama ndogo ndogo uzifuate kama mtu anayefuata nyuki mpaka kwenye shimo la asali.

Halafu ukawasomea kisa. Kwa Kiingereza kwanza, kisha ukawafafanulia kwa Kiswahili kwa sababu wawili walikuwa hawajafuata. Mtu ana nyumba kando ya njia. Wageni wanakuja na kiu. Anawaambia maji yapo, lakini lipeni kwanza.

Nikasogeza sikio kwenye pazia.

Ukauliza, "Huyu mtu moyo wake umekaaje?"

"Anatania."

"Umejuaje?"

"Amewaangalia usoni, mwalimu. Na wao wanamjibu."

Ukasema vizuri. Ukasoma mara ya pili. Maneno ya yule mtu yalikuwa yale yale, hukubadilisha hata moja. Ulibadilisha vinavyoyazunguka. Safari hii mtu yule haangalii wageni, anaangalia jagi. Sentensi zako zikawa fupi. Binti yake anasimama mlangoni, na kila anapopita, baba anahamisha kiti chake kidogo, anakisogeza karibu na mlango.

Sikujua kwamba siku ya Wagogo nilisogeza kiti. Wewe uliona.

Mmoja akasema huyu ni mchoyo. Mwingine akasema ana hasira, anawachukia. Wewe ukauliza, "Wapi? Nionyeshe neno." Hawakulipata. Ndipo Zainabu, aliyekuwa anachezea kalamu, akasema taratibu kama mtu anayejisemea:

"Mwalimu, huyu anaogopa."

"Anaogopa nini?"

"Kubaki."

Hukumsifia. Hukumwambia amepata wala amekosa. Nilisikia chaki ikianguka. Halafu ukasema, "Tupumzike, tufanye zoezi la mtendaji na tendo," na sauti yako ilikuwa imebadilika, na safari hii, mama, hata mimi niliisikia.

Sijui kama ulijua niko nyuma ya pazia. Nadhani ulijua. Nadhani umejua miaka yote mitatu.

Ni kweli. Haikuwa utani. Nilichukua kitu kilichoachwa na babu zangu ili watu wagombane bila kuumizana, nikajificha ndani yake ili niumize. Sikumchukia Yona. Nilimpenda, alikuwa na adabu. Lakini mlango ule umewatoa wanangu watatu. Wa kwanza alitoka na begi kwenda migodini, akarudi ndani ya sanduku. Wa pili alitoka na lori la mchele, hakupita Nzega. Wa tatu alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na sisi tukapigiwa simu ya homa, na tulipofika alishakata roho. Hakuna aliyetoka pale akarudi anatembea. Mama yako alikuwepo wakati ule, tulishikana. Siku ya Wagogo hakuwepo. Nilikuona na kanga yako nikamwona wa nne.

Niliona afadhali unichukie ukiwa ndani kuliko unipende ukiwa nje. Huo ndio ukweli wote na ni mbaya. Na ukabaki. Ukanipikia, ukaniwekea maji ya kuoga, ukaniamkia kila asubuhi shikamoo, na nikaitikia marahaba kama mtu mwenye haki, na miaka mitatu hukunisimulia jambo lako hata moja. Nilikuwa na wewe kama mtu aliye na mzinga usio na nyuki. Naupiga kofi, unalia utupu.

Juzi ulipoonyesha jina lako kwenye simu, kwamba umepangiwa Lindi, nilipiga makofi. Nilipiga makofi kwanza kuliko wote. Ulipoingia kuoga nilichukua bahasha. Mikono ilifanya yenyewe. Nilijiambia ni siku chache tu, treni ikipita watampa nafasi mtu mwingine. Na safari hii sikuwa hata na utani wa kujifunika. Hapakuwa na Mgogo, hapakuwa na babu. Nilikuwa mwizi tu wa miaka sabini na tisa anayetambaa nyuma ya choo chake.

Leo ulipoondoka nilikwenda kwa Maganga. Nikamwambia anipigie Mzee Chibago. Akanitazama, akasema, "Unataka kumtukana tena?" Nikasema piga. Mzee Chibago akapokea.

"Ni Mnyamwezi wa Tabora," nikasema. "Aliyemwaga maji."

Nikaongeza:

"Ile siku haikuwa utani."

"Najua."

"Niliogopa kubaki peke yangu. Sikuwa na ugomvi na wewe wala na kijana. Nakuomba radhi, na sikuombi jibu."

Maganga akaangalia simu kama vocha imekwisha. Halafu Mzee Chibago akasema, "Nimesikia." Akakata.

Nimelipigapiga neno hilo tangu saa nne. Nimesikia. Sijui kama lilikuwa la mtu aliyefungua mlango au aliyeufunga. Wewe ungejua kwa kulisikia mara moja. Mimi nilijifunza nimechelewa na mwalimu wangu anaondoka.

Niko chumbani, Kalunde. Naogopa kwamba utachukua bahasha na kuondoka leo hii ukalale kwa shangazi yako Kitete, na kesho upite stesheni, na siku ile watakapokupigia simu kuhusu mimi usije. Nimejaribu kuandika kwamba ukifanya hivyo sitaumia. Nimefuta. Nitaumia. Ila sitasema ni wewe uliyekosea, na nimemwambia Maganga asimruhusu mtu yeyote mtaani aseme hivyo.

Nenda ukafundishe. Sikuombi ubaki. Nimeliandika neno hilo na kalamu haijavunjika.

Usinisadiki kwa sababu nimeandika, maana mimi nimesema uongo miaka mitatu kwa sauti kubwa. Uliza. Habari ya maji, Mzee Maganga alikuwepo mwanzo hadi mwisho, na kata waliyonywea Wagogo ilikuwa yake. Habari ya jana, mwulize Zainabu, ingawa hajui alimwambia nani. Habari ya vyeti sina shahidi, isipokuwa harufu. Na kwamba leo nimeyakiri haya kwa mdomo wangu mwenyewe, kabla sijashika kalamu, anayejua ni Mzee Chibago wa Dodoma. Namba anayo Maganga. Yeye hanipendi na hana sababu ya kunisaidia. Kwa hiyo atakachokuambia, kiamini.

Mimi baba yako.